Hamsini na Mbili Mbele ya Wageni

Kwako Saumu, uliye chumba cha pili,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umenipa shikamoo ukiwa umegeukia ukuta, nami nimekuitikia marahaba nikiwa nimegeukia jiko, na tangu hapo tunapishana humu ndani kama wapangaji waliogombania choo. Kesho alfajiri basi la Mlalo litakupitia pale njiapanda. Baba yako anasema nisipozungumza na wewe leo, atazungumza yeye kwa niaba yangu. Baba yako akizungumza kwa niaba ya mtu, mtu huyo hujuta. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Habari za chandarua sitakuambia, wala za kufua nguo, wala za marafiki wa kukaa nao. Hayo umeambiwa juzi na kila aliyekuja kula pilau, na shangazi zako wamekuambia mara mbili mbili. Mimi nataka tuzungumze kuhusu hamsini na mbili.

Kuiandika tu hiyo namba nasikia joto shingoni.

Najua ukifika chuoni utawasimulia wenzako habari ya juzi, na katika masimulizi yako mimi nitakuwa mama kichaa. Kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe kwanza. Watu walikuwa wamejaa sebuleni kwa ajili ya dua ya kukuaga, mpaka jirani yetu Mama Elinami ametoka kanisani kwao moja kwa moja na kikapu cha mapeasi. Shehe alikuwa bado yuko njiani. Mjomba wako Jumaa, ambaye tangu utoto wetu hawezi kuona ukimya akauacha, akasema, "Dada, hebu waonyeshe wageni ile yako ya jedwali la sita!" Na mimi, mtu mzima, nikasimama. Nikajifunga kanga kiunoni kabisa.

Nikawaeleza wageni kwamba namba tasa ni ile inayokataa kugawanywa na kitu chochote ila moja na yenyewe. Nikawaambia, ukiwa na miche saba ya kabichi huwezi kuipanga mistari miwili iliyo sawa wala mitatu, utaipanga mstari mmoja tu utake usitake. Wakulima wale walielewa mara moja. Kisha nikasema, sasa anza na tano, chukua namba tasa zilizo jirani, jumlisha. Tano na saba? Kumi na mbili. Saba na kumi na moja? Kumi na nane. Kumi na moja na kumi na tatu, ishirini na nne. Kumi na tatu na kumi na saba, thelathini. Kumi na saba na kumi na tisa, thelathini na sita. Sebule nzima inaitikia. Kumi na tisa na ishirini na tatu?

"Arobaini na mbiliiii!"

"Jedwali la sita hilo," nikasema, "na litaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa dunia."

Na wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka karibu na Bibi. Mkono hukuinua. Sauti hukupaza. "Ishirini na tatu na ishirini na tisa ni hamsini na mbili, Mama. Ukigawanya kwa sita inabaki nne."

Jumaa akatoa simu kuhakiki, eti mtu anahitaji simu kwa hesabu hiyo, halafu akacheka mpaka akapaliwa. "Dada, mwanao amekumaliza!" Shehe akaingia katikati ya kicheko, dua ikasomwa, na baada ya dua baba yako akakuwekea mkono kichwani akatamka mbele ya watu wote kwamba amekuridhia duniani na akhera. Kisha watu wakanigeukia mimi. Nikasema, "Naona pilau inaungua," nikatoka.

Pilau ilikuwa imeshapakuliwa, Saumu. Sufuria lenyewe lilikuwa linasuguliwa. Kila mtu alijua, na wewe ulijua kuliko wote, na radhi yangu hukuipata. Nilisimama nyuma ya jiko nikiangalia yule msichana wa jirani anasugua sufuria, nikamkosoa namna anavyosugua, maana ilinibidi nimkosoe mtu.

Hivi kulikuwa na haja? Nakuuliza kwa dhati. Siku ina saa ngapi, na wewe ukachagua ile? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nilidhani wanasema habari za chawa.

Baba yako anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha anaendelea kunywa chai. Lakini kuna mambo kuhusu jedwali lile ambayo hata yeye sijawahi kumwambia. Nakuandikia wewe kwa sababu kukueleza ana kwa ana tutagombana kabla sijafika katikati.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipelekwa Shume. Unaijua baridi ya Shume, lakini huijui ya miaka ile, nyumba ya mwalimu ikiwa na bati lililotoboka na ukungu unaingia ndani bila hodi. Watoto wa pale walikuwa wanaogopa hisabati kama sindano. Nikiandika swali ubaoni, wanainamisha vichwa wote, darasa zima napiga hesabu na visogo. Na mimi mwenyewe nilikuwa na cheti tu cha ualimu, wala sikuwa na mtu wa kumwuliza. Jioni nilikuwa napanga maharage mezani kutafuta kitu cha kuwafanya wainue vichwa.

Jedwali lile nililipata hapo. Hakunifundisha mtu, sikulisoma popote. Nilipanga maharage, nikajumlisha majirani, sita ikawa inarudi, inarudi, inarudi. Nililia, mwanangu. Nilikuwa mbali na kwetu, sina simu, sina mtu wa kuzungumza naye, na namba zilikuwa zinanisemesha. Kesho yake nikaliandika ubaoni na vichwa vikainuka, na nadhani hapo ndipo nilipokuwa mwalimu.

Sasa ule ubao. Ulikuwa mbao zilizopigiliwa misumari, na kila muhula tuliupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu uliotwangwa na majani, watoto wakisugua kwa magunzi. Upande wa kulia unyevu ulikuwa umeula, chaki haikushika kabisa. Basi mstari wangu ulianzia kushoto na tano na saba, ukaenda, ukaenda, ukafika kumi na tisa na ishirini na tatu, na ubao mzima ukawa umekwisha. Sikuendelea kwa sababu hapakuwa na pa kuendelea. Nikaona namba zimetosha na ubao umetosha, nikachukulia kwamba Mungu ndivyo alivyopanga. Kanuni yangu yote, Saumu, iliishia pale ulipoanzia ubovu wa mbao.

Halafu nikahamishiwa huku Mlalo, na shule hii, kama unavyojua, ina ubao wa saruji wa ukuta hadi ukuta. Siku ya kwanza nikaandika jedwali langu kwa madaha. Nikafika arobaini na mbili, na chaki ikawa bado ina pa kwenda. Kabla sijaandika ishirini na tatu na ishirini na tisa, kichwa kilishajumlisha. Niliganda. Nyuma yangu watoto wanasubiri. Unajua nilifanya nini? Niliandika tarehe. Niliiandika kwa herufi kubwa sana upande wa kulia, nikaipigia mstari chini, nikaongeza jina la somo na jina la darasa mpaka nafasi ikaisha.

Tangu siku hiyo tarehe yangu ni maarufu. Walimu wenzangu wanasema hakuna mtu anayeandika tarehe kwa heshima kama mimi.

Kwa hiyo hukuniambia jipya juzi, na ndiyo maana niliwaka vile. Mtu asiyejua akikosolewa anashangaa, lakini mtu anayejua akikosolewa anakasirika. Kama kuna jambo moja nililojifunza kwa shida katika kazi hii ni hilo, na limekuwa ghali kulijifunza. Nikiona mtoto darasani anakasirika badala ya kushangaa, huwa najua kuna kitu amekificha chini ya daftari. Ila nilikuwa sijawahi kujitazama mwenyewe kwa jicho hilo.

Na tukio la darasa la sita nalikumbuka, usidhani nimelisahau. Ulikuwa dawati la mbele, unaniita Mwalimu kama nilivyokuamuru, maana nilisema mimi si mama wa mtu nikiwa shuleni. Ukanyoosha kidole. "Mwalimu, tuendelee na inayofuata?" Nikakwambia kaa chini, kengele imelia. Kengele haikuwa imelia. Mpiga kengele wa zamu mwenyewe alikuwa dawati la nyuma na kile chuma chake mkononi, akinishangaa. Ukakaa. Ukaniangalia mpaka kipindi kikaisha kweli, na nilijua umeshaijumlisha.

Tangu jana najiuliza ulirudi kwangu mara ngapi, na kila nikikumbuka moja inatokea nyingine. Tukiosha karoti mtoni kabla ya gulio, ulianza, "Mama, zile namba tasa," nikakwambia osha karoti, zina udongo. Ulipokuwa kidato cha pili ulinikuta nasahihisha madaftari, ukasema una swali dogo, nikakwambia maswali madogo kamwulize baba yako. Baba yako! Mtu anayehesabu viazi kwa ndoo! Sasa naona kwamba ya juzi haikuwa mara ya kwanza hata kidogo. Ulikuwa umeishiwa na siku, na ukasema mahali ambapo nisingeweza kukwambia kengele imelia.

Sijakusamehe bado, nakueleza tu kwamba nimeelewa.

Halafu ikaja jana. Wewe na Bibi mlikuwa jikoni mnapukuchua maharage, na mimi nilikuwa nje upande wa kuni. Nilikuwa nachukua kuni. Sawa, nilikuwa nasikiliza, na kuni ile ile niliichukua na kuirudisha mpaka mbwa akanitazama. Bibi anakuuliza kwa Kishambaa, wewe unajibu kwa Kiswahili, mnakutana katikati kama kawaida yenu.

Ulimwekea punje ishirini na tatu upande huu na ishirini na tisa upande ule. Ukamwambia jumla ni hamsini na mbili, na nusu yake ni ishirini na sita. "Sasa, Bibi, hiyo ishirini na sita inakaa wapi? Inakaa katikati ya hao wawili. Na hao ni majirani, hakuna namba tasa nyingine inayoishi kati yao. Kwa hiyo ishirini na sita haiwezi kuwa tasa. Ni lazima ikubali kupangwa mistari."

Nikasikia punje zinapangwa kwenye ungo. Mistari miwili, kila mmoja kumi na tatu.

"Basi jumla yao ni hiyo ya katikati mara mbili," ukasema. "Mbili, mara mbili, mara kumi na tatu. Majirani wowote ukiwajumlisha, jibu litavunjika vipande vitatu vya kuzidishana, au zaidi. Haliwezi kukataa."

Bibi akauliza kama hiyo nayo haitakuja kuvunjika mbele ya wageni kama ile ya mama yako. Bibi hana huruma, nimeishi naye nyumba moja tangu niolewe, najua.

"Haiwezi, Bibi, hata ukihesabu mpaka kesho kutwa. Sikuipima kwa mifano. Nimeona kwa nini."

"Basi nenda kamwambie mama yako."

"Mama hanisikilizi. Atasema kengele imelia."

Nilirudisha kuni nikaenda zangu bombani. Nilinawa uso na maji yale ya baridi, nikanawa tena.

Saumu, nimekereka na wewe hadi sijui nianzie wapi. Ulikuwa na kitu kama hicho mkononi, kitu kilichonyooka, kisichoogopa ubao mrefu wala mfupi, na juzi mbele ya watu ukatoa hamsini na mbili peke yake! Ungesema, "Mama, ya sita inavunjika, lakini kuna nyingine isiyovunjika, ngoja niwaonyeshe," ningekaa chini mimi mwenyewe na kanga yangu kiunoni. Ukimbomolea mtu ukuta mvua inanyesha, mpe hata turubai. Ulipotoboa bati langu la Shume ukaenda kukaa kwenye mkeka, uliniacha nalowa mbele ya Jumaa. Mbele ya Jumaa, mwanangu! Ataisimulia hiyo mpaka kwenye mazishi yangu.

Huko uendako utakuta watu wengi wenye jedwali la sita. Maprofesa nao wana mbao zao zinazoishia mahali. Utawaona, kwa sababu jicho hilo unalo, umelitoa kwangu ingawa mimi nililitumia vibaya. Sikwambii uwanyamazie. Mimi ndiye mtu wa mwisho kumfundisha mwenzake kunyamaza, na angalia kunyamaza kulivyonifanya, mwanamke mzima ninajificha nyuma ya tarehe. Ila ukiwa unamwambia mtu hamsini na mbili, mtazame kwanza anashikilia nini.

Sasa nikuambie nilichofanya leo mchana baba yako alipodhani nimelala. Nilikaa na kanuni yako nikitafuta kosa. Siwezi kukuficha, nililitafuta kwa nia mbaya kabisa. Thelathini na moja na thelathini na saba: sitini na nane, ni mbili mara mbili mara kumi na saba. Imesimama. Arobaini na saba na hamsini na tatu: mia, imevunjika vizuri tu. Themanini na tisa na tisini na saba: mia na themanini na sita, mbili mara tatu mara thelathini na moja. Nikazidi kukasirika. Kisha nikarudi mwanzo kabisa, pale ambapo hata mimi sikuwahi kuanzia, na nikaikuta. Mbili na tatu!

Mbili ni tasa. Tatu ni tasa. Ni majirani. Jumla yake ni tano, na tano haivunjiki vipande vitatu wala viwili. Nilipiga meza. Baba yako akauliza kuna nini, nikamwambia nimemkamata. Akasema, "Nani, panya?" Nikamwambia mwanao! Nilikuwa nimeshavaa ndara kuja kwako, nikupigie hodi, nikwambie, "Mbili na tatu ni tano, Saumu, vipi hapo?" mbele ya Bibi na ikiwezekana mbele ya Jumaa.

Nilipofika mlangoni nikajiuliza kwa nini. Swali hilo nililitoa kwako, sikuzoea kulijiuliza. Kwa nini inavunjikia pale? Nikarudi nikakaa. Nikatafuta ile namba yako ya katikati. Kati ya ishirini na tatu na ishirini na tisa kuna ishirini na sita. Kati ya tano na saba kuna sita. Kati ya mbili na tatu hakuna kitu. Hawana nafasi kati yao hata ya punje moja, wamebanana mno. Ndio majirani pekee walio hivyo katika namba tasa zote, wengine wote wana uwazi katikati, na kwenye uwazi hukaa kitu kinachogawanyika.

Nikazivua zile ndara.

Mimi na wewe tumebanana hivyo. Nyumba moja, shule moja, darasa moja, hasira moja, na mtu akitaka kutusuluhisha hapati pa kukaa, muulize baba yako. Ndiyo maana tunaumizana viwiko kila tukigeuka. Kesho ukipanda basi nafasi itakuwepo kwa mara ya kwanza. Nimekuwa nikilalamika wiki nzima juu ya begi lako na madaftari yako na mafuta yako ya nywele uliyoacha wazi, kumbe naiogopa hiyo nafasi. Basi, nimesema. Naiogopa sana, mwanangu. Lakini jumla yetu ni tano, na sioni wa kuigawanya, awe chuo, awe umbali, awe Jumaa.

Radhi usiitafute humu, sikuiandika. Wageni walipoondoka juzi, Bibi yako alinifuata jikoni akaniambia radhi ya mama hutamkwa kwa mdomo, na mkono uwe kichwani kwa mtoto. Ukiiweka moyoni au kwenye karatasi haimfikii mtu. Nilimjibu vibaya. Ana haki, kama kawaida yake, na hilo nalo linakera.

Kwa hiyo naweka kalamu chini na ninakuja. Nitatamka nilichopaswa kutamka juzi. Kisha nataka ungo, maharage, na ile kanuni tangu mwanzo, polepole, punje kwa punje, na useme wazi kwamba inaanzia tatu. Nitakaa chini kwenye mkeka na nitakuita Mwalimu. Kengele ya nchi nzima ikilia, sitainuka.

Fungua mlango. Na usijifanye umelala, nasikia unavyofungua na kufunga hiyo zipu.

Mama yako